Kiasi cha Mafuta na Kiasi cha Nafsi

Neno kiasi katika Kiswahili hubeba maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Kwanza ni kipimo cha kitu, kama mtu aulizapo gari linakunywa mafuta kiasi gani kwa safari ya kilomita 100. Pili ni fadhila ya nafsi, yaani tabia ya kutopita mpaka katika kula, kunywa, kusema na kumiliki, na kwa maana hiyo ya pili wafasiri wa Biblia walilichagua liwe la mwisho katika orodha ya matunda ya Roho ambayo Paulo aliwaandikia Wagalatia. Swali linalochunguzwa hapa limesimama kwenye mpaka wa maana hizo mbili: je, kiasi cha kwanza kinaweza kukizaa cha pili? Bei ya mafuta inapopanda na mnunuzi akaliacha gari kubwa akachukua dogo, amekuwa mtu mwenye kiasi, au amekuwa tu mtu mwenye hesabu?

Mfano unaofaa zaidi ni wa Marekani, si kwa sababu Wamarekani wana tamaa kuliko binadamu wengine, bali kwa sababu huko kodi ya petroli ni ndogo, kwa hiyo kila mtikisiko wa soko la mafuta ghafi humfikia dereva kituoni ukiwa karibu mzima, na takwimu za mauzo ya magari huonyesha mwezi kwa mwezi jinsi alivyoupokea. Upande mmoja wa soko hilo la magari zipo SUV, magari mazito yaliyoinuka juu ambayo asili yake ni fremu ya pikapu, yaliyobuniwa kwa njia mbovu lakini ambayo wanunuzi wengi huyaendesha kwenye lami kutoka nyumbani hadi dukani. Nchini Tanzania makubwa zaidi kati yake yalipewa jina la mashangingi, neno linalomtaja pia mwanamke mjuzi wa mji anayejipamba ili aonekane, na hapo mtaa, kama ilivyo kawaida yake, ulikwisha kutoa hukumu ya kimaadili kabla wanafalsafa hawajaketi kitako. Upande wa pili yapo magari ya haibridi, yaani yale ambayo injini yake ya petroli inasaidiana na mota ya umeme, na ambayo dereva anapokanyaga breki huirudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto. La kwanza kuuzwa kwa wingi lilikuwa Toyota Prius, lililoingia sokoni Japani Desemba 1997 na kufika Marekani mwaka 2000.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba shauku ya gari kubwa ilizaliwa moyoni mwa mnunuzi bila mkunga. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao Oktoba 1973, na bei ya pipa kupanda karibu mara nne katika miezi michache, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1975 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kupunguza wastani wa mafuta yanayotumiwa na magari yao. Lakini sheria hiyo ililiweka gari la abiria kwenye kundi moja na lori jepesi kwenye kundi lingine lenye masharti laini, na SUV, kwa kuwa ilikuwa ndugu wa pikapu, ikahesabiwa kuwa lori. Kwa miaka mingi gari dogo lilitakiwa kufikia wastani wa maili 27.5 kwa galoni, na lori jepesi maili 20.7 tu. Hummer H2, SUV ya kampuni ya General Motors iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, ilikuwa na uzito ulioitoa nje hata ya kundi hilo, kwa hiyo muuzaji hakulazimika kubandika kwenye kioo karatasi ya kueleza linatumia mafuta kiasi gani: gari lilikuwa kubwa mno hata sheria haikuliuliza swali. Mwaka uliofuata sheria ya kodi ikamruhusu mfanyabiashara aliyenunua gari lenye uzani wa zaidi ya pauni 6,000, yaani takriban kilo 2,700 pamoja na mzigo wake, kutoa hadi dola 100,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi, na nafuu hiyo kwa SUV ilipunguzwa hadi dola 25,000 mwishoni mwa mwaka 2004. Hoja hii inafaa kukumbukwa kila inapojitokeza hamu ya kumlaumu mnunuzi peke yake.

Katika mazingira hayo, Novemba 2002, kikundi cha Wakristo wa kiinjili wanaojishughulisha na mazingira, Evangelical Environmental Network, kilianzisha kampeni iliyouliza Yesu angeendesha gari gani. Wengi walicheka, na baadhi ya waumini walikasirika, lakini swali lenyewe halikuwa la mzaha: lilidai kwamba uchaguzi wa chombo cha usafiri ni suala la upendo kwa jirani, kwa kuwa moshi unaotoka kwenye bomba huvutwa na mtu mwingine. Wakati huo galoni ya petroli iligharimu karibu dola 1.50, na mahubiri hayo hayakuigusa safu ya magari makubwa iliyokuwa ikipanuka kila mwaka. Kisha ikaja mwaka 2008. Mafuta ghafi yalipanda hadi karibu dola 147 kwa pipa mwezi Julai, wastani wa bei ya petroli ukavuka dola 4 kwa galoni, na mwezi Mei pikapu za Ford F-Series, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizoongoza kwa mauzo nchini, zilipitwa na magari manne madogo na ya kati ya Kijapani kwa mkupuo mmoja. Waliotaka Prius walisubiri zamu. Tarehe 3 Juni kampuni ya General Motors ilitangaza kwamba itafunga viwanda vinne vya malori na SUV, kimojawapo cha Janesville, Wisconsin, na kwamba jina la Hummer lenyewe huenda likauzwa. Kile ambacho mimbari haikukiweza kwa miaka sita, kibao cha bei kilikifanya kwa majira mawili.

Je, taifa lilikuwa limetubu? Aristotle, katika kitabu cha 7 cha maadili yake yajulikanayo kama ya Nikomako, alipambanua watu kwa uhusiano uliopo kati ya akili yao na matamanio yao. Yuko mwenye kiasi, ambaye matamanio yake yenyewe yamekwisha kufundishwa na hayamsumbui. Yuko mwenye kujizuia, ambaye anatamani vibaya lakini akili yake inashinda. Yuko dhaifu wa nia, ambaye anajua lililo bora na bado anatenda lililo duni, hali ambayo Wagiriki waliiita akrasia na ambayo Socrates, kwa jinsi Plato anavyomwonyesha, aliikana kabisa akidai kwamba atendaye vibaya hajui tu. Na yuko fasiki, ambaye hatamani tu bali anaona hakuna haja ya kujizuia. Mnunuzi wa mwaka 2008 haingii vizuri katika chumba chochote kati ya hivyo vinne. Hakujizuia, alizuiwa; wala hakushindwa na tamaa, kwa kuwa tamaa yake haikupewa nafasi ya kupigana.

Nafasi yake inapatikana kwa al-Ghazali, mwanachuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayohusu ufakiri na kuipa dunia kisogo aliwapanga mafakiri si kwa ukubwa wa pengo mifukoni mwao bali kwa namna nyoyo zao zinavyolielekea lile wasilokuwa nalo. Wa juu ni zahidi, anayechukia mali ikimjia na kuikimbia. Chini yake ni aliyeridhika, ambaye mali haimfurahishi kiasi cha kuitaka wala haimchukizi kiasi cha kuikataa. Kisha mwenye kukinai, ambaye angependa kuwa nayo kuliko kuikosa lakini hapendi kiasi cha kuihangaikia. Kisha mwenye pupa, ambaye ameacha kuitafuta kwa kuwa hana uwezo tu, na siku akiona njia ataifuata hata kwa taabu. Na mwisho aliyebanwa na dharura, anayekosa kile asichoweza kuishi bila hicho. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kwa mtazamaji wa nje daraja hizi zinafanana: wote hawana. Tofauti hujulikana siku mali inapobisha hodi. Kwa hiyo aliyeliacha gari kubwa kwa sababu ya bei anaweza kuwa mwenye kukinai au mwenye pupa, na hakuna takwimu za mwezi Julai zinazoweza kueleza ni yupi kati ya hao wawili. Inahitajika siku ambayo bei inashuka.

Siku hiyo ilikuja mapema mno. Kufikia Desemba 2008 pipa lilikuwa limeporomoka hadi chini ya dola 40, na galoni ya petroli ilirudi chini ya dola 2. Lakini jaribio hilo lilichafuliwa na msukosuko wa mabenki, kwa kuwa mtu aliyenyimwa mkopo hakununua gari la aina yoyote. Jaribio safi lilikuwa la pili. Kuanzia katikati ya mwaka 2014 mafuta ghafi yalishuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya 50 mwanzoni mwa mwaka 2015, huku uchumi ukikua na ajira zikiongezeka, na moyo ukaonyesha ulichokuwa umekificha: sehemu ya haibridi katika magari mapya, ambayo mwaka 2013 ilikuwa asilimia 3 hivi, ilishuka hadi karibu asilimia 2 mwaka 2016, na Aprili 2018 kampuni ya Ford ikatangaza kwamba itaacha kuuza Marekani Kaskazini karibu magari yake yote ya kawaida isipokuwa Mustang. Kwa kipimo cha al-Ghazali, wengi walikuwa wenye pupa waliokuwa wakisubiri njia.

Hukumu hiyo hata hivyo isiharakishwe, kwa kuwa upo upande wa pili ambao waadilifu huupita kimya. Wale walionunua Prius kwa hiari, bei ikiwa chini, nao walikuwa na nia gani? Gari hilo, hasa toleo la pili la mwaka 2003, lilikuwa na umbo ambalo hakuna mtu angelichanganya na lingine, wakati ambapo Honda Civic ya haibridi ilifanana na Civic nyingine zote isipokuwa kwa kibandiko kidogo nyuma. Na soko liliipenda ile inayotambulika mbali kuliko ile inayojificha. Wachumi wameandika juu ya tabia hii wakiifuata hoja ya Thorstein Veblen, ambaye mwaka 1899 alieleza jinsi matajiri wanavyotumia mali ili waonekane wakitumia. Hapa mtu anaokoa mali ili aonekane akiokoa. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na neno la hali hii karne nyingi kabla, nalo limeingia katika Kiswahili bila kubadilika sana: ria, yaani kufanya tendo jema kwa ajili ya macho ya watu. Katika hesabu ya ria, dereva wa Prius na dereva wa Hummer wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akiwa amenunua kioo cha kujitazamia kwa macho ya jirani, ingawa vioo vyao vinatofautiana kwa lita nyingi. Kant, katika kitabu chake cha msingi wa maadili cha mwaka 1785, alimtolea mfano mwenye duka asiyempunja mtoto kwa sababu uaminifu unamletea wateja: tendo lake linalingana na wajibu lakini halitoki kwenye wajibu. Kwa mizani hiyo kali, aliyesukumwa na bei na aliyesukumwa na sifa wote wako nje ya mlango wa fadhila, na pengine yule wa bei ni mkweli zaidi, kwa kuwa hajifanyi.

Inafika mahali ambapo ukali huu unaanza kuzaa upuuzi, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha hivyo. Novemba 2007 jarida moja la Marekani linaloandika habari za magari rafiki kwa mazingira lililitaja Chevrolet Tahoe ya haibridi, SUV kubwa ya watu wanane, kuwa gari la kijani la mwaka, na kejeli zikamiminika, kwa sababu gari hilo mjini lilikuwa bado linatumia takriban lita 11 kwa kilomita 100. Lakini Tahoe ya kawaida ilitumia karibu 17. Aliyehama kutoka Tahoe moja hadi nyingine aliokoa lita 6 kwa kila kilomita 100, ilhali aliyehama kutoka gari dogo linalotumia lita 8 hadi haibridi linalotumia 5 aliokoa lita 3, nusu yake. Watafiti wawili, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha mwaka 2008 kwamba kipimo cha Kimarekani cha maili kwa galoni huwaficha watu ukweli huu, kwa kuwa kuruka kutoka maili 30 hadi 50 kunaonekana kukubwa kuliko kupanda kutoka 14 hadi 21. Hewa haina habari na nia za mtu, inapokea lita. Basi ikiwa maadili ni matokeo tu, mnunuzi wa Tahoe aliyechekwa alistahili pongezi maradufu. Na ikiwa maadili ni nafsi tu, swali halihusu lita hata kidogo. Msomaji aliyezoea kuviona vitu hivi viwili vikienda pamoja, kwa sababu lugha yake imeviita kwa jina moja, hapa anavikuta vimeachana mkono.

Njia ya kutokea, kama ipo, inapitia kwa Aristotle yule yule, lakini katika kitabu cha 2 cha maadili hayo, anapofundisha kwamba fadhila haiji kwa kujua bali kwa mazoea: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu kabla hajawa mwadilifu, kama mpiga kinubi anavyojifunza kwa kukipiga. Akikubaliwa katika hilo, shurti si adui wa fadhila. Mtoto anayelazimishwa kugawana hana ukarimu, lakini ndiko ukarimu unakoanzia. Kwa mtazamo huu kasoro ya bei ya mafuta si kwamba inalazimisha, bali kwamba haina subira: inapanda kwa majira mawili na kushuka kabla mkono haujazoea, kisha inampa mwanafunzi cheti cha kurudi alikotoka. Nchi za Ulaya Magharibi, ambako kodi imeifanya petroli kuwa ghali kwa vizazi viwili, zilijenga miji, magari na mazoea ya kiasi ambayo dereva hayahisi tena kuwa ni mzigo. Hata huko lakini ushahidi hautoi faraja kamili, kwa sababu SUV sasa zimefikia takriban nusu ya magari mapya yanayouzwa, na sehemu ya mvuto wake ni kwamba injini zimekuwa bora kiasi cha kuufanya uzito usiumize mfuko. William Stanley Jevons aliliona jambo hili kwenye makaa ya mawe ya Uingereza mwaka 1865: mashine ya mvuke iliyotumia makaa machache kwa kazi moja haikupunguza matumizi ya makaa, iliyaongeza, kwa kuwa ilifungua matumizi mapya. Magari hayajafikia ukali huo wa kitendawili, lakini mwelekeo ni ule ule, na haibridi nyingi zinazouzwa leo zimevikwa umbo la SUV.

Tena mwalimu huyu aitwaye bei hafundishi darasa zima. Mwenye V8 asiyeulizwa anajaza tangi kwa shilingi ngapi hasikii somo, na mpanda matatu, ambaye hakuwahi kumiliki gari, analipia somo la mwenzake nauli inapopanda. Septemba 2023, petroli jijini Nairobi ilipovuka shilingi 211 kwa lita, walioacha kusafiri si wale waliokuwa na cha kupunguza. Hao katika orodha ya al-Ghazali wako daraja la mwisho, la dharura, na kumsifu mtu wa daraja hilo kwa kiasi chake ni dhihaka. Serikali ya Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2009, pale Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta alipowaagiza mawaziri na maofisa wakuu warudishe magari yanayokunywa mafuta mengi wapewe Volkswagen Passat za injini isiyozidi lita 1.8. Agizo hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa lilimlenga anayetumia fedha za wengine na ambaye bei haiwezi kamwe kumfundisha, lakini baadhi ya mawaziri walisita kuyaachia magari yao, wakionyesha kwamba shangingi halikuwa chombo cha usafiri tu bali kiti cha heshima chenye magurudumu. Wanafalsafa waliotajwa hapa wote wangemtambua mtu huyo bila kutambulishwa.

Jina la Hummer halikufa. Jaribio la kuliuzia kampuni moja ya Sichuan, China, lilikwama mwanzoni mwa mwaka 2010 na utengenezaji ukasimamishwa, lakini Oktoba 2020 General Motors ililizindua upya kama gari la umeme. Halinywi tone la petroli. Linazidi tani 4, na betri yake peke yake ina uzito wa zaidi ya kilo 1,300, yaani inaizidi Prius nzima ya mwaka 1997; kibao cha bei kwenye kituo cha mafuta hakina tena neno lolote la kumwambia mwenye nalo.